Ukumbi Ulionyamaza

Rayners Lane, London
12 Februari 2023

Mama mkubwa Sesilia,

Shikamoo. Najua swali lako la kwanza ni kama nakula, basi nalijibu mapema: nakula. Jana Madhu, mama mwenye duka la vitambaa hapa chini ya chumba changu, kaniletea dengu mpaka nikafungua kifungo cha suruali.

Nakuandikia kwa kalamu kwa sababu wewe ndiye uliyesema simu ni ya kuulizia bei ya nyanya, mambo ya maana huandikwa. Hili ni la maana. Naimba.

Waingereza wana nyimbo zao za asili wanaziita folk, za wakulima, za wanajeshi, za wasichana walioachwa. Kila Jumanne jioni wanakutana ghorofani kwenye pabu moja. Hakuna spika wala mikrofoni. Mtu anasimama, anafumba macho, anaanza. Akifika kwenye kiitikio, chumba kizima kinaitikia, sauti zote nne, bila karatasi na bila mwalimu! Siku ya kwanza nililia pale pale. Nilijiona niko Machame Jumapili, nina miaka minane, na wewe umesimama mbele yetu na kile kijiti chako.

Anayeongoza klabu ni bibi mmoja Mwingereza, Hillary, mkali kama wewe. Nilimwimbia wimbo niliotunga mwenyewe. Natunga kwa Kiingereza, kwa mtindo wao wa zamani, lakini habari ni zetu: Hounslow kwetu na mama, ndege, mabasi ya alfajiri. Akasema, "Rudi wiki ijayo, na uje na mwingine." Sasa hata klabu za miji mingine zinanialika.

Duka la dawa mambo ni mazuri. Mama hajambo, ila ana shifti nyingi, ndiyo maana hatuonani sana.

Mwanao,
Haika


Machame, Moshi
20 Machi 2023

Haika mwanangu,

Marahaba. Barua yako nimeisoma mara ya kwanza nimesimama, mara ya pili ikabidi nikae. Baa! Mtoto niliyemfundisha sauti ya pili kabla hajajua kufunga kamba za viatu anaimba baa! Hilo pabu ni baa, usinizungushe. Nimemwuliza Mchungaji.

Halafu unanidanganya mimi? Duka la dawa mambo ni mazuri! Mama yako alinipigia Januari akilia. Umeacha kazi tangu Krismasi, na yeye amesema hatasema na wewe mpaka urudi. Mtoto nimekulea miaka kumi, tangu mama yako alipotangulia huko Ulaya mpaka alipokuita, na hujui kwamba uongo wako naunusa hata kwenye karatasi?

Haya, nimemaliza kugomba. Sasa nieleze vizuri. Hiyo sauti ya nne inaimbwa na nani? Besi wako wengi? Mimi hapa nimebaki na mmoja, mzee Evans, na akianza kukohoa kwaya imekwisha. Na kama hakuna mwalimu wala kinanda, noti ya kuanzia anawapa nani?

Jibu yote. Na usinifiche kitu tena.

Mama yako mkubwa,
Sesilia


Rayners Lane, London
9 Juni 2023

Mama mkubwa,

Shikamoo, na nisamehe. Noti ya kuanzia hatoi mtu, mwimbaji anaanza anapotaka na watu wanamfuata. Besi wamejaa, wazee wenye ndevu na vitambi. Nikipata namna nitakutumia wawili.

Ni kweli niliacha kazi. Nilimwambia mama nimechoka kuhesabu vidonge huku kichwani kuna nyimbo. Akanijibu, "Sikusafisha vyoo vya ndege miaka yote ile ili wewe ukawaimbie walevi." Nilichukua gitaa langu nikahamia huku.

Maisha yangu sasa ni treni na sanduku. Ndani ya sanduku kuna rekodi nilizotengeneza mwenyewe, makasha yake nagonga muhuri kwa mkono. Wiki iliyopita nimeimba kwenye hema shambani, matope mpaka magotini, na watu wamekaa humo humo kwenye tope wanaitikia.

Lakini sikiliza lililotokea. Kampuni moja kubwa ya muziki iliniita kwenye jengo lao la vioo. Kijana mmoja akaniambia sauti yangu ni dhahabu, wanataka kunirekodi. Mama mkubwa, nilitaka kurukaruka! Halafu akasema, ila hizi nyimbo za Kiingereza wako wengi wanaoziimba, mimi wananitaka niimbe "za Afrika". Wanataka ngoma nyuma yangu, shanga shingoni, na picha ya mlima kwenye kasha. Nikamwuliza mlima wa nini, mimi nakaa Rayners Lane. Akacheka akidhani namtania.

Wamenipa mpaka mwisho wa mwezi. Nikisaini, mama atapoa, maana kutakuwa na mkataba na mshahara. Nisiposaini, sijui.

Haika


Machame, Moshi
24 Juni 2023

Haika,

Shanga! Mimi nimeishi chini ya huo mlima maisha yangu yote na sijavaa shanga hata siku moja. Na huku kanisani tunaimba nyimbo za Wajerumani tangu enzi za babu zetu. Hajatokea Mjerumani kuja kutuambia hizo si zenu, imbeni za ngoma. Angethubutu!

Lakini sitakudekeza. Mama yako ana neno. Huwezi kukataa sahani ya watu kisha ukakaa mikono mitupu. Ukiwaambia hapana, niambie na ndiyo yako iko wapi. Una mpango gani? Mpango, Haika, si ndoto. Ndoto hata mzee Evans anazo.

Sesilia


Rayners Lane, London
11 Septemba 2023

Mama mkubwa,

Shikamoo. Nimewakatalia. Yule kijana alinitazama kama mtu aliyerudisha zawadi ya harusi.

Na mpango huu hapa. Sina uwezo wa studio wala wa kulipa wanamuziki. Ila ninao watu wanaoitikia. Kwa hiyo nimekodi ukumbi mashariki ya mji, zamani ulikuwa kanisa, una mwangwi wa ajabu. Watu watakuja, watakuwa kwaya yangu, na tutarekodi hapo hapo. Mitambo ni ya Jaspal, niliyesoma naye Hounslow, anarekodi bhangra, muziki wao wa harusi, na anasema harusi ya Kipunjabi ikishakupita hakuna kinachokutisha. Hillary ananipigia debe kila klabu nchi nzima.

Ni Jumamosi, tarehe 18 Novemba. Mara moja tu. Ukumbi nimeupata kwa siku hiyo peke yake.

Nimejiwekea ahadi. Ukumbi usipojaa, Jumatatu yake narudi duka la dawa, gitaa nauza, na mama sitamsumbua tena. Mwambie, labda itamfurahisha. Mimi usiku silali nikifikiria viti vitupu.

Tiketi ya mama nimemtumia. Hajajibu.

Haika


Machame, Moshi
2 Oktoba 2023

Vaileth mdogo wangu,

Nakusalimu, na hapo hapo nakugombeza. Mtoto amekutumia tiketi na wewe umekaa nayo kama umetumiwa mwaliko wa msiba.

Najua uchungu wako. Lakini Haika ameahidi kwamba ukumbi usipojaa anarudi duka la dawa. Basi utapata ulichotaka, si ndiyo? Nenda ukakipate kwa macho yako. Ukikaa nyumbani siku hiyo, akishinda utakuwa umekosa, akianguka utakuwa umekosa vilevile.

Nenda na akina mama wa ushirika wa kanisani kwenu, vaeni vizuri, asionekane mtoto asiye na watu. Na jinsi ya kujua mambo yanakwendaje, Haika mwenyewe kanieleza: huko kwao mtu akiimba, chumba kizima kinaitikia. Wakiitikia, mwanao ameshinda. Wakinyamaza, ujue wamemkataa, na hapo ndipo atakapohitaji mama kuliko wakati mwingine wowote. Usije ukakaa unamtazama.

Dada yako,
Sesilia


Hounslow, London
20 Novemba 2023

Dada Sesilia,

Shikamoo. Umeniponza! Nimepata aibu ya mwaka kwa ajili yako, na sijui kama nikushukuru au nikununie. Nakusimulia uamue mwenyewe.

Nilikwenda. Niliomba ofu, nikawachukua akina mama wa ushirika, na Émilienne wa kazini, yule Mkongo, maana yeye ndiye mwenye vigelegele vya kweli. Tulivaa sare zetu za Pasaka. Tumefika, foleni imezunguka kona. Nikadhani kuna ukumbi mwingine jirani. Nikamwuliza kijana wa mlangoni, hawa wote wanakwenda wapi? Akasema wamekuja kwa Haika. Nikamwuliza, Haika yupi? Kweli kabisa dada, nilimwuliza Haika yupi.

Viti vyote vilijaa, wengine wamesimama ukutani. Sisi tukakaa mbele. Nyimbo za kwanza wanaitikia vizuri kabisa, hata Émilienne kashika sauti. Nikasema moyoni, Sesilia hakukosea, mtoto ameshinda. Nikaanza kupoa.

Halafu Haika akaweka gitaa chini. Akasogea mbele, akafumba macho, akaanza wimbo bila chombo chochote. Ni wimbo wa mwanamke anayesafisha ndege alfajiri. Anaokota soksi za watu, anakunja mablanketi ya watu, anafunga mikanda ya viti vitupu, kisha anashuka na ndege inaondoka bila yeye. Na mtoto wake yuko huko ndege inakokwenda. Kila asubuhi anaisafisha vizuri kuliko nyingine zote, kwa sababu ndiyo itakayopita juu ya mwanawe.

Dada, mimi hilo sijawahi kumsimulia Haika. Nilikuwa nakusimulia wewe kwenye simu, nikidhani mtoto amelala huko kwako. Kumbe alikuwa anasikia.

Na watu? Kimya! Hakuna aliyeitikia, hakuna hata aliyekohoa. Wazee wa Kizungu wameinamisha vichwa, wengine wamefumba macho kama wamesinzia. Nikasema, ndiyo hii aliyonieleza Sesilia. Wamemkataa. Mwanangu anamwimba mama yake na wao wanasinzia! Damu ikanipanda.

Sikufikiri. Nilisimama nikapiga kigelegele kilichotoka tumboni. Émilienne akapokea, akina mama wakapokea, tukapanda jukwaani tunacheza kwenda kumtunza kama inavyopaswa. Nikavua kitenge changu cha mabegani nikamfunga kiunoni, nikamfuta uso kwa kiganja, kisha nikawageukia wale watu nikapaza sauti, "Huyu ni wangu!" Kwa Kiswahili, dada. Kiingereza chote kilinitoka.

Walitukodolea macho. Jaspal wa mitambo kashika kichwa. Bibi Hillary amejiziba mdomo. Haika alifungua macho akaniona, akawa analia na kucheka kwa pamoja, lakini hakuacha. Alirudia mstari wa mwisho, na sisi tukauitikia, sauti ya kwanza na ya pili kama ulivyonifundisha, maneno hatuyajui tunafuata mdomo wake. Akaurudia tena, na ukumbi mzima ukasimama ukaitikia. Besi, dada! Besi za kutikisa sakafu! Ungewaona ungewateka nyara.

Baadaye nyuma ya jukwaa Hillary ndiye aliyenieleza, taratibu, kama mimi ninavyowaeleza wazee ninaowatunza siku hizi kazini. Wimbo wa namna ile, usio na kiitikio, haukatizwi. Watu wakinyamaza vile, hakuna heshima kubwa kuliko hiyo. Walikuwa hawasinzii. Walikuwa wanalia.

Nilitamani ardhi ipasuke. Na Jaspal alikuwa anarekodi, na ukumbi ulikuwa wa siku ile moja tu! Nimeharibu kazi ya mwanangu nikidhani namwokoa. Haika alinikumbatia, lakini nilishindwa kumtazama usoni. Nikachukua mkoba wangu nikaondoka.

Mdogo wako,
Vaileth


Rayners Lane, London
15 Aprili 2024

Mama mkubwa,

Shikamoo, shikamoo tena, na kaa kwenye kiti.

Kwanza kosa ni langu. Nilikueleza habari za viitikio, sikukueleza habari za nyimbo zinazosikilizwa kimya. Kwa hiyo mama alifanya ulichomwambia, na wewe ulimwambia nilichokueleza. Tumeshiriki wote watatu.

Jaspal alikuwa na wimbo ule wa ndege ukiwa safi, tuliurekodi mchana tulipokuwa tunajaribu mitambo. Alisema tuweke huo, ule wa mama tuufute. Nikasikiliza zote mbili. Kwenye ule safi naimba vizuri sana. Kwenye ule mwingine unasikia kabisa mahali nilipomwona mama yangu. Nikamwambia Jaspal asikate kitu, hata viatu vya akina mama kwenye mbao.

Hillary alidhani nimechanganyikiwa. Halafu mtangazaji mmoja wa redio akaupiga wote, kuanzia kimya mpaka vigelegele. Jumatatu yake simu yangu ilizima yenyewe kwa ujumbe. Watu wanaandika kutoka Uskoti, kutoka Wales, mzee mmoja dereva wa lori anasema alisimamisha gari kando ya barabara. Rekodi zote zimekwisha, tumechapisha nyingine, nazo zimekwisha. Duka la Madhu limegeuka posta, tunafunga maboksi juu ya meza ya sari huku yeye akiwafokea wateja wake wasubiri. Hakuna kampuni, mama mkubwa. Ni mimi, Jaspal, muhuri wangu, na Madhu mwenye makasi.

Na sasa nimealikwa kuimba kwenye ukumbi mkubwa kando ya mto Thames, Jumamosi ya tarehe 11 Mei. Tiketi ziliisha kabla sijamaliza kuamini. Mimi, kwa jina langu, na nyimbo zangu za Kiingereza za Hounslow! Duka la dawa wametafuta mtu mwingine, nimewapelekea keki.

Kila ninakokwenda sasa wazee wa Kiingereza wanajaribu kupiga vigelegele. Ni kama paka amekanyagwa mkia, lakini wana moyo.

Jambo moja tu linaniuma. Mama hapokei simu zangu. Anaamini aliniharibia. Nimemwachia rekodi mlangoni na tiketi ndani yake. Mwambie nisipomwona siku hiyo, huo wimbo siuimbi.

Haika


Hounslow, London
6 Mei 2024

Haika mwanangu,

Habari za huko. Tunakaa mji mmoja na hatujawahi kuandikiana, kwa hiyo usicheke mwandiko.

Rekodi niliiona. Nilikaa nayo siku nyingi bila kuifungua, naogopa kusikia nilivyokuharibia. Juzi saa ya mapumziko Émilienne akanipokonya, akaiweka kwenye redio ya sebuleni kazini, wazee wote wamekaa. Ulipofika wimbo wa ndege nikainuka nitoke. Mlango nimeushika, nimesikia kigelegele changu, na nimekusikia wewe baada yake. Sauti yako ilipanda. Haikutetemeka, ilipanda! Nikarudi nikakaa chini, nikalia mbele ya wagonjwa wangu, na meneja akaniletea chai mimi badala yao.

Hukuharibikiwa, mwanangu. Na mimi nilikosea kuhusu walevi. Ulikuwa unaimba kazi yangu na mimi nikadhani unaidharau. Nimefurahi mpaka nakosa pa kuiweka furaha yenyewe.

Sasa nisikilize. Wiki iliyopita alikuja kanisani kijana mmoja mwenye viatu vya kung'aa, kutoka ile kampuni yako ya shanga. Walikurudia na wewe ukawakatalia mara ya pili, najua, Sesilia kaniambia. Basi wamegeukia kwangu. Anasema wanataka kuandaa maonyesho yao wenyewe nchi nzima, na yule mwanamke wa vigelegele ndiye watu wanayemtaka. Amekuja na mkataba umechapwa vizuri. Kila usiku, ubeti wa nne, nisimame, nipige, nipande na kitenge. Hata kama anayeimba ni mtu mwingine! Akanipa na kalamu.

Nilimtazama nikamwonea huruma, mtoto wa watu. Akina mama wote wamenizunguka wanasubiri nitasema nini. Nikamrudishia kalamu yake. Nikamwambia kwa Kiingereza, na safari hii hakikunitoka hata neno moja, kwamba vigelegele vyangu haviagizwi. Mwanangu akiimba vizuri, utavisikia huko huko uliko. Akiimba vibaya, nitanyamaza kama ninyi.

Jumamosi nimeomba ofu. Imba vizuri.

Mama yako,
Vaileth